Mkono Niliouondoa Begani

Watu huniletea picha kama wanavyotoa taka nje, bila kuangalia wanachobeba. Mtu ananyoosha simu yenye kioo kilichopasuka, kimejaa alama za vidole vya mafuta, ananiambia, "Nataka hii, kubwa, ya ukutani." Naitazama. Ni picha ya picha. Aliinasa kwenye skrini ya simu yake, juu bado kuna alama ya betri na saa. Ilitumwa kwenye kundi la familia, ikapelekwa kundi la kanisa, ikapelekwa kundi la watu wa kwao, na kila iliporushwa ilibanwa ikapungua, mpaka uso wa binadamu umebaki visanduku vichache vya rangi ya tope. Huo ndio uso anaotaka kuuweka sebuleni.

Afadhali hao. Kuna wanaoleta nyuso zilizopakwa na simu yenyewe, bila hata mwenye uso kuombwa ruhusa. Makunyanzi yamekunjuliwa, vinyweleo vimefutwa, weusi umeoshwa. Nimewahi kuchapisha bibi wa miaka themanini na ushee mwenye mashavu ya mtoto mchanga. Nilipokwisha kuikata ile karatasi nilienda kunawa mikono.

Nimefanya kazi hii Wheaton, huku Amerika, kwa miaka mingi, katika duka dogo lililobanwa kati ya saluni na duka la simu, hatua chache kutoka kituo cha treni. Mwenye duka ni Mkongo, mtu mwema, anayependa mteja atoke akicheka. Mimi ni mtu wa Mombasa, na kazi yangu iko chumba cha nyuma, penye printa kubwa na kompyuta moja ambayo simruhusu mtu mwingine kuigusa. Kila Jumatatu nabandika kifaa kidogo juu ya skrini kupima rangi zake, maana skrini husema uongo polepole bila mwenyewe kujua. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Nilikuwa nikisema kwamba picha ikipita mikononi mwangu inatoka na ukweli wake wote.

Yule bwana alikuja Jumanne asubuhi. Alikuwa amevaa suti, kitambulisho cha ofisi kinaning'inia shingoni. Alifanya kazi Arlington, kwao ni bara, Kenya, na kwenye kanisa lao alikuwa mzee wa kanisa. Yote hayo aliniambia kabla sijamuuliza, huku akitafuna chingamu.

"Mama, nimeambiwa wewe ndiye fundi," alisema. "Tunafanyia mamangu memorial, mwaka mmoja tangu atuache. Itakuwa hall moja huko Herndon. Nataka picha moja tu, lakini iwe kali. Kila mtu akiingia aione."

Nikampa pole. Akanionyesha simu. Katika picha alikuwa ajuza mwembamba ameketi kwenye kiti cha mbao, kitambaa cha kijani kichwani, gauni lenye vifungo mpaka shingoni. Picha ilikuwa na alama ya betri juu, kama kawaida, na ilikuwa imekatwa kwa pembeni. Kwenye bega lake la kushoto kulikuwa na kitu kama kidonge cha rangi ya kahawia. Nilidhani ni ua la kitambaa, au uchafu wa picha.

"Hii haifai," nikamwambia. "Ukitaka saizi ya ukutani, kila inchi ya karatasi inahitaji vitone vyake. Hapa vitone havipo. Nikiikuza, kompyuta itabuni."

"Si siku hizi kuna AI? Inarekebisha."

Nikaona nimwonyeshe. Niliipitisha picha kwenye programu ya kukuza. Baada ya dakika moja mama yake alirudi akiwa na meno meupe yaliyopangika, midomo yenye mng'ao, na jicho moja lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Yule bwana akaacha kutafuna.

"Toa hiyo. Huyo si mamangu."

"Basi nitafutie faili ya kwanza," nikasema. "Ile iliyotoka kwenye kamera, ambayo haijatumwa kwa mtu. Usiniletee kwa simu. Iweke kwenye flashi uilete mkononi."

Ndiyo, mimi ndiye niliyeidai. Nilisimama pale nikamhutubia juu ya ubora kama mwalimu mkuu.

Alhamisi alirudi nayo. Aliipata, alisema, kwenye kompyuta ya zamani ya nyumbani. Nilipoifungua nilifurahi kwanza, kama fundi. Ilikuwa faili nzito, iliyopigwa kwa kamera nzuri na mtu mwenye jicho, karibu na dirisha, mwanga ukiingia kwa ubavuni. Uzi mmoja mmoja wa kile kitambaa ulionekana. Ngozi ya mama ilikuwa na rangi zake zote, nyeusi, na wekundu wa mbali, na ile buluu nyembamba ya mishipa mgongoni mwa mkono.

Na nusu ya pili ya picha, ile iliyokuwa imekatwa, alisimama mwanamke. Alikuwa nyuma ya kiti, amevaa nguo za kazi za wale wanaohudumia wagonjwa majumbani, macho yamezungukwa na weusi wa kukosa usingizi. Mkono wake ulikuwa juu ya bega la ajuza. Kile kidonge cha kahawia kilikuwa vidole vyake.

"Huyo mtoe," yule bwana akasema.

"Ni nani?"

"Alikuwa bibi yangu. Tuliachana. Hiyo story ilikwisha."

"Naweza kuikata picha hapa, yeye abaki nje. Lakini mkono utabaki begani."

"Ndiyo nakwambia utoe, na mkono pia. Sitaki watu waanze kuniuliza maswali mbele ya pastor."

"Huna picha nyingine ya mama akiwa peke yake?"

Akatikisa kichwa. "Ninazo, lakini kwa zote amelala ama ameinama. Hii ndiyo moja amekaa vizuri."

Nilikwenda mbele kwa mwenye duka, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba kazi hii naiona chafu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akatabasamu kwa masikitiko.

"Mama," akasema, "huku haiko tribinali ya kuhukumu bantu. Sisi tunafanya photo, basi. Mambo ya bwana na bibi, wacha bamalize benyewe."

Ningeweza kukataa. Hakuna aliyenishika. Nilirudi nikakaa nikaanza.

Kazi ile ilinichukua saa tatu. Kumtoa mwanamke mzima ni rahisi kuliko mtu anavyofikiri, kwani nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu, na ukuta ni ukuta. Nilimpaka ukuta kuanzia kichwani kushuka chini, nikakiondoa na kivuli chake. Kilichokuwa kigumu ni mkono. Ulikuwa umelibana bega. Kitambaa cha gauni kilikuwa kimekunjamana chini ya vidole, na mikunjo ile ilikwenda mpaka kwenye kola. Nikifuta vidole, mikunjo inabaki ikielekea mahali pasipo na kitu. Ikanibidi nichukue kitambaa cha bega la kulia, nikigeuze, nikishone kushoto, nikipe vivuli vyake. Nilivifuta vidole kimoja kimoja. Cha pete kilikuwa na pete.

Nilipomaliza nikaegemea nyuma kuangalia, nikaona kuna kitu kibaya. Ajuza alikuwa anaanguka. Mwili wake ulikuwa umelalia upande wa kushoto, na sasa hakukuwa na cha kumzuia. Ndipo nilipoelewa ule mkono ulikuwa unafanya nini pale. Haukuwekwa kwa ajili ya picha. Ulikuwa umemshikilia.

Hapo pia ningeweza kusimama. Badala yake nilimzungusha yule mama kidogo, kiasi cha digrii tatu, akakaa wima. Kiti kikapinda, nikakinyoosha kiti. Sakafu ikapinda, nikainyoosha sakafu. Baada ya hapo alikuwa ameketi peke yake, imara, kama malkia, na nilikuwa nimeifanya kwa ustadi kiasi kwamba mimi mwenyewe, nikiikuza mara nne, sikuuona mshono. Huo ustadi ndio unaonichefua mpaka leo. Ningekuwa nimeboronga ningejisamehe.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kila siku. Karatasi hunywa mwanga, na ngozi nyeusi ikichapishwa kama ilivyo kwenye skrini hutoka imezama, macho yamepotea. Kwa hiyo nilivipandisha vivuli kidogo, nikaitia picha makali, mistari ionekane wazi, kwa mkono mwepesi ili makunyanzi yasije yakawa mifereji, nikachapisha kipande cha majaribio, nikakipeleka mlangoni kukitazama kwa mwanga wa nje. Yule bwana alipokuja kukiona alisema, "Mfanye awe mweupe kidogo." Nikamkatalia kwa ukali. Nikamwambia sibadilishi rangi ya mtu. Alikubali, na mimi nikajiona mwadilifu, mimi niliyekuwa nimemaliza kumfuta mtu mzima pamoja na mzigo alioubeba.

Jumamosi mwenye duka aliniomba niipeleke fremu Herndon kwa gari, kwa sababu kioo ni kikubwa na yeye mgongo unamsumbua. Nilifika saa sita mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa. Harufu ya pilau ilichanganyika na ya maua ya dukani, yale yanayoanza kuoza yakiwa bado ndani ya karatasi zake. Wanaume wawili wakaipokea, wakaisimamisha mbele, na watu wakaguna kwa kuridhika.

"Waah! Mamangu mkubwa alikuwa na nguvu," mama mmoja akasema nyuma yangu. "Angalia vile amekaa."

Yule bwana akachukua kipaza sauti. Akashukuru kanisa, akashukuru ndugu waliotoka mbali, kisha akaninyooshea kidole na kusema fundi aliyeifanya kazi hii nzuri yuko hapa, tumpigie makofi. Walipiga makofi. Nilisimama pale na mtandio wangu, nikitabasamu kama mjinga.

Nilikuwa natafuta mlango nilipokutana na msichana wa kama miaka kumi na sita, mrefu, nywele amezifunga nyuma, gauni jeusi. Uso wake niliujua papo hapo. Nilikuwa nimeutazama wa mama yake kwa saa tatu.

"Did you do this?" akaniuliza.

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba ndiyo, ni mimi. Alinielewa, lakini aliendelea kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo iliyotulia kuliko yangu. Aliniambia picha ile aliipiga yeye, kwa kamera aliyoazimwa shuleni. Aliisogeza meza, akafungua pazia, akamwambia bibi yake asiogope. Kisha akaniuliza mama yake yuko wapi.

"Baba yako aliniomba," nikasema.

"I know he did," akajibu. Akanitazama mikononi, si usoni, kama mtu anayeangalia mikono ya mpishi aliyetoka chooni bila kunawa. Akaenda kukaa safu ya nyuma.

Niliendesha mpaka Wheaton nikiwa nimefungua madirisha yote, na ilikuwa baridi.

Sikutegemea kuwaona tena. Lakini wiki mbili baadaye, asubuhi, mwenye duka aliniita mbele, nikamkuta yule msichana amesimama na mama yake. Mama yake alikuwa mfupi kuliko nilivyomdhania kutoka kwenye picha. Alikuwa amevaa zile zile nguo za kazi, viatu vyeupe, na alikuwa anaelekea kwa mgonjwa wake.

"Dada, habari ya kazi," akasema. "Huyu mtoto ananiambia wewe unachapisha vizuri sana."

Sikujua kama ni tusi. "Nzuri," nikasema. Kisha nikaona ni heri niseme kabla mdomo haujaganda. "Mimi ndiye niliyekutoa kwenye ile picha."

"Najua. Nilitumiwa. Watu hawawezi kukaa na kitu. Ilikuchukua muda gani?"

"Saa tatu."

Akacheka kwa pua, cheko fupi. "Saa tatu tu."

Msichana alitoa flashi mfukoni, akaiweka mezani. Alikuwa ameihifadhi faili yake, nzima, haijaguswa. Walitaka ichapishwe, inchi nane kwa kumi. Nikawaambia ile faili inaweza kwenda kubwa sana, naweza kuwafanyia ya ukutani kama ile nyingine, kubwa kuliko ile. Nilikuwa nakimbilia ukubwa, kama mtu anayetaka kulipa kosa kwa kishindo.

"Siitaki kubwa," mwanamke akasema. "Nitaiweka kwa kabati, pale kwa vikombe. Nyumba yangu ni ndogo."

Nikawakaribisha nyuma, jambo ambalo huwa silifanyi. Nilifungua picha, na kwa mara ya pili ule mkono ukatokea kwenye skrini yangu, vidole vimezama kwenye kitambaa.

"Ulikuwa unampenda," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda nilitaka jambo zuri litoke mahali fulani.

Alinitazama kwa mshangao. "Nani? Huyu mama? Hakunipenda hata siku moja. Alipokuja Amerika alikuwa anasema chakula changu kina harufu. Halafu akapata stroke, huyo kijana wake akawa hawezi kumwangalia, anatapika. Choo, mate, kila kitu, anatoka nje anatapika. Sasa nani ataosha? Mimi nilikuwa nimezoea, ni kazi yangu." Aliionyesha skrini kwa kidevu. "Siku hiyo watu wa nyumbani walitaka kuona kama ako sawa. Nikamuogesha, nikamvalisha, nikamketisha. Nikimwachilia anaanguka. Ndiyo hiyo mkono. Usidhani ni mapenzi. Ilikuwa imechoka, hata inauma."

Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi yake, na yalipokosekana nilibaki sina la kufanya na uso wangu.

Tukaanza kuitayarisha. Msichana alivuta kiti akakaa karibu, na nilimweleza kila ninachofanya: kwa nini napima rangi, kwa nini napandisha vivuli bila kugusa weupe wa dirisha, kwa nini faili inatunzwa kwanza na kazi inafanywa kwenye nakala. Aliuliza maswali mazuri, yote kwa Kiingereza, nami nikayajibu kwa Kiswahili.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu. Kisha akainama. "Dada, huwezi kunitolea hii weusi chini ya macho? Nilikuwa sijalala siku nne."

"Naweza," nikasema. Ni kweli, ni kazi ya dakika mbili.

"Mom, no," msichana akasema.

"Ni kidogo tu. Naonekana kama mgonjwa ni mimi."

"No."

Wakabishana juu ya kichwa changu, mmoja kwa lugha hii, mwingine kwa ile, na nilikaa na mkono juu ya kipanya nikijichukia kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni rangi ipi ya shavu ningeichukua. Mwishowe mama aliangalia saa, akasema amechelewa kazini, tuache hivyo hivyo. Tukaacha. Nilichapisha kipande cha majaribio, nikapeleka mlangoni, nikaongeza mwanga kidogo upande wake, kisha nikachapisha yenyewe kwenye karatasi nzito isiyong'aa. Ilitoka vizuri. Niliwaonya wasiiguse kwa vidole mpaka ikauke. Mwanamke akaishika kwa kingo, kama nilivyomwonyesha, akaitazama kwa muda, akasema, "Haya." Hakunishukuru, na nilifurahi kwamba hakunishukuru.

Mwezi huo huo yule bwana alirudi. Alikuwa mchangamfu. Ndugu zake kule nyumbani na wengine huku walikuwa wameipenda ile picha ya ukumbini, wote wanataka, basi nimchapishie ndogo ndogo, ishirini.

"Sifanyi," nikasema.

"Kwani kuna shida gani? Si faili iko?"

"Iko. Lakini mimi sifanyi. Ukitaka nikuchapishie ile ya kwanza, yenye watu wawili, nitakufanyia hata leo."

Akanitazama kama mtu aliyekanyaga kitu laini kizani. Akamgeukia mwenye duka. Mwenye duka, ambaye hapendi ugomvi mbele ya wateja, akaingia chumba cha nyuma yeye mwenyewe, akaitafuta faili kwenye kompyuta yangu, akaichapisha. Sikumzuia, duka ni lake. Lakini hajui kuchagua karatasi. Kila karatasi ina mpangilio wake wa wino, na aliacha ule wa kazi iliyotangulia. Picha zote ishirini zilitoka na ukijani, ukijani wa maji yaliyokaa kwenye ndoo. Mama wa watu alikuwa ameketi wima, peke yake, uso umeota ukungu.

Nilikuwa nimesimama kando, nikaziona zikishuka moja baada ya nyingine. Nilingoja yule bwana aseme kitu. Alizichukua, akazipitisha haraka kama mtu anayehesabu karata, akasema ziko sawa kabisa, akazitia kwenye bahasha zikiwa bado mbichi.